Pua Hii Si ya Kwetu

Siku ya tatu baada ya kumzika baba, turubai likiwa bado halijashushwa na kina mama wakisugua masufuria, aliingia uani mwanamume mmoja mrefu amebeba kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa khaki. Alitoa pole kwa kila mtu, akapewa kiti, akanywa chai. Kisha akaomba kuzungumza na mtoto mkubwa wa marehemu. Nikasimama. Tulipofika kando ya banda la kuku akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anatoka Bunda, na kwamba marehemu alikuwa baba yake pia.

Baba alikuwa dereva wa malori. Kwa miaka mingi alipakia mizigo Arusha, akapita Karatu ambako baadaye alijenga na kutulea, akavuka Ngorongoro na Serengeti hadi upande wa Musoma, akarudi. Anayeijua barabara ile na maisha ya madereva wa zamani asingeanguka kwa kusikia habari kama hiyo. Lakini shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alimwita mgeni asogee kwenye mwanga, akamkagua kama mtu anayechambua maharage kwenye ungo. "Pua hii si ya kwetu," akasema. "Na urefu huu kautoa wapi? Kwetu hakuna mtu mrefu."

Kikao cha ukoo hakikumaliza saa moja. Mimi niliulizwa mara mbili: kwanza kama mtoto mkubwa, halafu kama mwalimu wa baiolojia. Nikasema sioni kufanana. Mgeni alitusikiliza, akashukuru kwa chai, akalala kwa jirani, akaondoka na basi la asubuhi. Wasifu wa marehemu niliouandika kwa mkono na kuusoma mbele ya kaburi ulisema ameacha mjane na watoto watano, na ukabaki hivyo. Ilikuwa mwaka 2018.

Nafundisha uainishaji wa viumbe tangu mwaka 1996. Kila ninapoanza mada hiyo huanza na msemo ambao wanafunzi wote wanaujua: kwenye msafara wa mamba, kenge hawakosekani. Hucheka, kwa sababu mtaani huutumia kwa mtu aliyejipenyeza mahali pasipo pake. Kisha naandika ubaoni majina matatu, mamba, kenge na kuku, na kuuliza ni wawili gani kati ya hao walio ndugu wa karibu zaidi. Darasa lote hujibu kwa pamoja: mamba na kenge. Magamba, mkia mrefu, miguu mifupi, tumbo karibu na ardhi. Hilo ni jibu la macho.

Jibu la mifupa, moyo na vinasaba ni mamba na kuku. Moyo wa mamba una vyumba vinne vilivyotenganishwa kabisa, kama wa kuku. Wa kenge haujatengana hivyo. Mamba jike hujenga kiota, hukilinda, na watoto wanapolia wakiwa bado ndani ya mayai huwasikia na kuwafukulia. Ndege na mamba wana babu mmoja ambaye kenge hamjui. Yale magamba na ile miguu minne ni mali ya kale mno, iliyokuwepo kwa mababu wa wote watatu. Upande wa kuku ukabadilika sana, pande nyingine mbili zikabaki nayo. Na wawili waliobaki na kitu cha zamani hawawi ndugu wa karibu kwa kukitunza tu, kama vile mimi na jirani yangu tusivyokuwa ndugu kwa kuwa wote tuna macho mawili.

Hapo ndipo somo linapokuwa gumu, na hapo ndipo ninapolipenda. Kuna kufanana kunakotoa ushahidi na kufanana kusikotoa. Sifa iliyo kwa kila mtu haisemi lolote. Sifa mpya, iliyochipuka kwa babu mmoja na kupatikana kwa uzao wake peke yake, ndiyo inayosema. Na kuna aina ya tatu, yenye hatari kuliko zote: sifa inayofanana kabisa lakini imezuka mara mbili, mahali pawili, bila undugu wowote.

Mfano wangu wa aina hii ya tatu unatoka karibu na nyumbani. Mwaka 2010 Christopher Brochu, Jackson Njau, Robert Blumenschine na Llewellyn Densmore walitangaza spishi mpya ya mamba aliyetoweka, kutoka Bonde la Olduvai, ambalo Wamasai huliita Oldupai kwa jina la mkonge-pori unaoota pale. Njau ni Mtanzania, na sioni haya kusema kwamba huwa nalitaja jina lake darasani kwa sauti ya juu kidogo kuliko majina mengine. Walichokuwa nacho mkononi ni sehemu ya fuvu na sehemu ya mifupa ya mwili, iliyookotwa juu ya ardhi katika eneo lililo kati ya matabaka mawili ya majivu ya volkano yenye umri wa takriban miaka milioni 1.84. Mfupa wenyewe hausemi umri wake. Majivu ya chini huuambia, wewe si mzee kuliko mimi, ya juu huuambia, wewe si mdogo kuliko mimi, na katikati ya hayo mawili ndipo mtu anaposimama.

Fuvu hilo lilikuwa na pembe. Si pembe za ng'ombe. Ni kingo za mfupa juu ya masikio zilizoinuka kama pembetatu mbili. Pua yake ilikuwa nene kutoka juu kwenda chini. Sasa, ng'ambo ya bahari, Madagaska, alikuwepo mamba mwingine aliyetoweka zamani za karibu, mwenye pembe zilezile na pua nene vilevile. Mwaka 1872 wataalamu wawili Wafaransa, Grandidier na Vaillant, walikuwa wamempa jina la kumwingiza katika jenasi ya mamba wa kawaida, Crocodylus. Baadaye mifupa yake ilipochunguzwa upya akaonekana ni wa ukoo wa mamba wafupi wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na mwaka 2007 Brochu akampa jenasi yake mwenyewe, Voay, neno la Kimalagasi la mamba. Neno jingine walilonalo Wamalagasi kwa mnyama huyu ni "mamba", letu hilihili, lililovuka maji na watu wa bara.

Kwa hiyo swali la Olduvai lilikuwa rahisi kulitamka: mwenye pembe huyu ni ndugu wa yule mwenye pembe? Macho yanasema ndiyo. Shangazi yangu angesema ndiyo.

Lakini kazi ya uainishaji haifanywi kwa pembe peke yake. Kwanza huulizwa kama sifa yenyewe ni ya spishi au ni ya umri, maana fuvu la mamba hubadilika sana anavyokua, na dume kubwa lililozeeka linaweza kuvimba mahali ambapo kijana ni bapa. Kisha huandaliwa jedwali. Upande mmoja spishi, hai na zilizotoweka. Upande mwingine sifa, kwa makumi na makumi, nyingi zikiwa ndogo kiasi kwamba asiyezisomea asingeziona: mshono kati ya mifupa miwili unapitia wapi, tundu fulani limezungukwa na mfupa gani, jino la ngapi ndilo kubwa kwenye taya la juu. Kila kisanduku hujazwa namba, mara nyingi 0 au 1, au alama ya kuuliza mahali ambapo mfupa umepotea. Na visukuku vina alama za kuuliza nyingi. Halafu kompyuta hutafuta mti wa ukoo unaoeleza namba hizo zote kwa mabadiliko machache iwezekanavyo.

Pembe zilishindwa. Mamba wa Olduvai alikosa sifa za ukoo wa mamba wafupi ambako Voay alikuwa amewekwa, na akawa nazo zile sifa mpya wanazoshiriki mamba wa jenasi ya Crocodylus walio hai leo. Pembe za namna hiyo ziko pia kwa mamba wa Kuba, aliye upande wa pili wa dunia. Zimezuka zaidi ya mara moja.

Jina walilompa ni Crocodylus anthropophagus, mla watu, na halikutolewa kwa mbwembwe. Njau alikuwa amewapa mamba waliofugwa hapa Tanzania mizoga, akakusanya mifupa waliyoibakiza, akaisoma alama moja baada ya nyingine. Mamba hatafuni wala haguguni kama fisi. Hubana, huzungusha mwili, hukata, humeza. Na kwa kuwa meno yake hubadilika maisha yote, daima ana meno mapya ambayo makali yake hayajalika, na jino la namna hiyo likidunga mfupa huacha kishimo chenye mstari katikati, kama kimegawanywa kwa kisu. Akiwa na elimu hiyo, yeye na Blumenschine walitazama upya mifupa ya watu wa kale wa Olduvai. Mguu wa kushoto unaojulikana kama OH 8, uliofukuliwa mwaka 1960 na kushikwa tangu hapo na wataalamu waliotaka kujua mwenyewe alitembeaje, ulikuwa na alama hizo. Mwaka 2012 wakaandika hivyo. Alama zinasema aling'atwa na mamba. Hazisemi kama alikuwa bado hai.

Mimi hukaa sana na habari ya mguu ule. Watu makini waliutazama kwa miongo mitano, wakitafuta jinsi ulivyokanyaga. Kilichowawezesha wawili hawa kusoma jeraha ni kwamba mmoja wao alikwenda kwanza kuwalisha mamba.

Mwaka huohuo wa 2012, Brochu na Glenn Storrs walitangaza mamba mwingine, wa Kenya, kutokana na visukuku vya bonde la Ziwa Turkana vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi. Aliishi kati ya miaka milioni 2 na milioni 4 iliyopita na inakadiriwa alizidi mita 7. Fuvu lake kubwa lilihitaji watu wanne kulinyanyua. Wakamwita Crocodylus thorbjarnarsoni, kwa heshima ya John Thorbjarnarson, aliyetumia maisha yake kulinda mamba na akafa kwa malaria mwaka 2010. Nalitaja fuvu hili kwa sababu halikutoka ardhini mwaka ule wa kupewa jina. Lilikuwa tayari limo ndani ya makumbusho, likimngoja mtu wa kulitazama bila kudhani kwamba analijua. Kila mamba mkubwa wa Afrika mwenye pua ya kawaida ni rahisi kumwita mamba wa Mto Naili, kwa kuwa ndiye tuliyenaye leo. Tunaamini aliyepo sasa alikuwepo siku zote. Kumbe huyu wa Naili si mzee wa nyumba. Vinasaba vinaonyesha kwamba ndugu zake wa karibu zaidi walio hai ni mamba wa Amerika, na kwa mamilioni ya miaka waliotawala mito yetu walikuwa wengine.

Nilikuwa nikiyafundisha haya yote kabla baba hajafa. Siku ile kwenye kikao nilikuwa nayo kichwani, na hayakunisaidia.

Kilichonirudisha kwenye jambo la mgeni ni Voay. Mwaka 2021 Evon Hekkala na wenzake walichapisha matokeo ya vinasaba walivyovitoa kwenye mafuvu ya mamba huyo wa Madagaska yaliyohifadhiwa New York, mafuvu yenye umri wa miaka elfu moja na mia kadhaa. Vinasaba havikuafikiana na jedwali la mifupa. Voay si wa ukoo wa mamba wafupi. Ni tawi lililo jirani kabisa na Crocodylus, tawi-dada. Wale Wafaransa wa mwaka 1872 walikuwa karibu na ukweli kuliko waliowasahihisha. Hekkala huyohuyo, mwaka 2011, alikuwa ameonyesha kwamba mamba wa Afrika Magharibi na Kati ni spishi tofauti na wa Naili, kama Geoffroy Saint-Hilaire alivyodai mwaka 1807 baada ya kutazama mamba waliokaushwa na Wamisri wa kale, asisikilizwe.

Niliisoma habari ya Voay usiku, mezani, nikiwa na madaftari ya wanafunzi. Nikafikiri juu ya mnyama ambaye ameambiwa ni wa nyumba hii, kisha si wa nyumba hii, kisha ni wa nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta, na ambaye mifupa yake wakati wote huo haikubadilika hata kidogo. Nikamkumbuka mtu aliyeketi uani kwetu amenyooka huku shangazi akimgeuza uso kwenye mwanga. Nikakumbuka pia jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote kwenye kikao. Alikuwa amenizidi miaka mitatu. Kama ni kweli, mimi si mtoto mkubwa. Jina nililoitwa nalo tangu nijue kuitwa, kiti changu kwenye vikao, fimbo ya baba niliyokuwa nimekabidhiwa siku mbili kabla, vyote vilikuwa vya mtu mwingine. Niliposema sioni kufanana sikuwa nimetazama.

Nilimpigia simu. Namba yake ilikuwa kwenye daftari la rambirambi, mstari wa sukari.

Nilipanda basi la kupita Serengeti, nikapita njia panda ya Olduvai nikiwa na uso dirishani. Bunda nilipokelewa na yeye mwenyewe, na nyumbani nikamkuta mama yake, bibi wa miaka sabini na kitu, macho hafifu, akili kali. Sikuuliza vizuri. Niliuliza kama hakimu. Yeye alinijibu kama mama. Alisema alikuwa na mimba ya mwanawe Azimio la Arusha lilipotangazwa. Aliisikia habari hiyo kwenye redio ya duka alikokuwa akinunua chumvi. Hiyo ni Februari 1967. Baba alimwoa mama yangu mwaka 1969. Kumbe mgeni wetu alikaa kati ya matabaka mawili kama mamba wa Olduvai, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Tulifanya kipimo cha vinasaba. Tulipitia kwa wakili kama utaratibu unavyotaka, na ni mwenyeji wangu aliyesema afadhali tufanye ili wadogo zangu wasibaki na neno. Majibu yalionyesha kwamba sisi wawili ni wa mstari mmoja wa kiume. Nilishusha pumzi, kisha mwalimu aliye ndani yangu akakataa kunyamaza: mstari wa kiume hautaji mtu. Kromosomu Y, inayobeba mstari huo, hupita kutoka kwa baba hadi mwana karibu bila kubadilika, na baba yangu alikuwa nayo pamoja na mdogo wake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa utingo kwenye lori lilelile. Ilinibidi nimwendee baba mdogo, mzee sasa, nimwulize swali ambalo mtoto hapaswi kumwuliza baba yake. Hakukasirika. Alisema mwaka wa Azimio yeye alikuwa darasa la nne, anavaa kaptura, na lori alilijua kwa kulipungia mkono likipita.

Basi ndivyo nilivyofika. Si kwa pua, na wala si kwa kipimo peke yake. Ni redio ya dukani, cheti cha ndoa, kaptura ya baba mdogo, namba za maabara, kila kimoja kikiwa na alama yake ya kuuliza, na vyote kwa pamoja vikikubali mti mmoja tu. Shangazi alikuwa ameshafariki. Ule urefu, baba mdogo aliniambia, ni wa babu yao mzaa mama, ambaye shangazi hakuwahi kumwona kwa kuwa alikufa kabla yeye hajazaliwa.

Nilipomwuliza kaka yangu alikuja siku ile kutafuta nini, alisema alitaka kutupa udongo kaburini. Shamba hakulitaja hata mara moja, wala siku ile wala leo. Alichelewa mazishi kwa sababu habari ya msiba ilimfikia kupitia kwa dereva wa basi. Juni iliyofuata alikuja Karatu, tukaenda naye makaburini asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma. Akainama akachukua udongo, mkavu, wa msimu ule, akautupa juu ya saruji. Ukasambaa na upepo.

Katika makumbusho, kielelezo kikibadilishiwa jina, kibandiko cha zamani hakitupwi. Kinaachwa palepale, hata kama kimekosea, na chini yake huwekwa kipya chenye jina jipya, jina la aliyekitambua, na tarehe, ili atakayekuja baadaye aone nani alifikiri nini na lini. Jioni ile nilifungua bahasha yenye hati za baba, nikautoa wasifu. Karatasi imeanza kugeuka manjano. Neno "watano" sikulikata. Chini yake niliandika "sita", nikaweka jina la mkubwa wetu, kisha langu kama mwandishi, na tarehe.